Mshike mwenzio mkono

Mama anaingia hotelini Chicago na wanawe watatu. Wa kwanza ana miaka saba, wa pili mitatu, wa tatu bado mchanga. Lobi imefurika, ni sherehe ya watu waliosoma sekondari pamoja, miaka 15 imepita, kila mtu anamrukia mwenzie na makelele. Mama anataka kwenda mapokezi mara moja, hatua chache tu. Anamwambia yule wa miaka saba, mshike mdogo wako mkono, nakuja sasa hivi. Anakwenda, anarudi. Wa miaka saba yupo. Wa miaka mitatu hayupo.

Ndo inavyoanza riwaya ya The Deep End of the Ocean ya Jacquelyn Mitchard, Mmarekani, ilitoka 1996 na Septemba ya mwaka huo huo Oprah Winfrey alipoanzisha klabu yake ya vitabu kwenye televisheni hii ndo ilikuwa ya kwanza kabisa kuichagua, 1999 ikageuzwa filamu, mama akaigizwa na Michelle Pfeiffer. Kwa hiyo si kitabu kipya, mimi ndo kimenifikia sasa, cha mtumba, kurasa zimeshageuka rangi, nikakisoma usiku usiku hapa Tanga watoto wakishalala. Nimekisoma kama mama, lakini zaidi nimekisoma kama kifungua mimba, kwa sababu hayo maneno ya "mshike mwenzio" nimekua nayo. Ukizaliwa wa kwanza kwenye nyumba za huku, tena mtoto wa kike, mkono wako mmoja si wako, una mtu kaushika muda wote, dukani mnakwenda nae, chuo cha Quran nae, harusini nae, akianguka akachunika goti anayeulizwa ni wewe.

Mwanzoni unasoma kwa kutaka kujua mtoto yuko wapi, nani kamchukua, yu hai au hayupo tena, na Mitchard anajua kukunyima jibu, kila simu ikilia na wewe roho inaruka. Halafu kuna swali jingine linaingia taratibu kama maji yanavyojaa pwani, hulioni likija, unashtukia limekufika kiunoni. Ulikuwa wapi? Anaulizwa mama, jina lake Beth. Wanamuuliza polisi, waandishi wa habari, wakwe, na yeye anajiuliza kuliko wote. Mumewe, Pat, hata mjini hakuwepo, alibaki kwao anafanya kazi, na kule kutokuwepo kwake kabisa hakumtii doa, wakati mama aliyekuwepo, aliyegeuza mgongo tu kidogo, ndo mwenye kosa la maisha. Hebu litazameni hilo vizuri jamani. Aliyekuwa mbali kasalimika, aliyekuwa karibu kahukumiwa.

Na mwandishi hakumpamba Beth hata kidogo, hilo nimempendea. Beth ni mpiga picha, mtoto anapotea anaiweka kamera chini, analala mchana, haogi, wale watoto wawili waliobaki wanaishi na mama ambaye yupo na hayupo. Kuna kurasa unatamani umpigie kelele, amka wewe mama, una kichanga hapo! Kwenye hadithi zetu nyingi mama ni malaika au ni mama wa kambo anayetia sumu kwenye uji, hakuna wa katikati, na huyu Beth ni wa katikati, anampenda mtoto aliyepotea mpaka anawasahau walio mbele yake. Nawajua akina mama wa namna hiyo, na nyie mnawajua.

Sasa nitoe ya kwetu. Ilikuwa sikukuu ya Idd, jioni, viwanja vya Tangamano, wanaojua Idd ya Tanga wanajua watoto wanavyokuwa wengi, maputo, bembea, wauza ukwaju na barafu, mihogo ya kukaanga, vumbi, muziki juu kabisa. Jirani yetu alikuja na mumewe na mabinti zake wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine minne, wameshonewa sare, kitambaa kimoja cha kijani kinachong'aa, mikono ya puto, utepe mweupe kiunoni unafungwa nyuma. Mama akamwambia mkubwa mshike mwenzio hapo, akageuka kidogo kutoa hela ya bembea. Mdogo akapotea.

Walikwenda kwa jamaa mwenye kipaza sauti, akapunguza muziki, akauliza amevaaje. Mtu mmoja, nadhani kwa nia njema kabisa, akamnyanyua yule binti mkubwa akamsimamisha juu ya kiti cha plastiki, akasema si mmuone huyu, amevaa gauni kama hili hili, kimo anamfika hapa, akamgusa kifuani kuonyesha. Umati wote ukageuka kumtazama. Nilikuwa karibu, nikaona utepe wake umefunguka unaning'inia, hakuna wa kuufunga, na kiganja chake kimoja kakifumba kabisa, kapewa maji akapokea kwa mkono wa pili, kile kiganja hakukifumbua. Miaka minane. Amesimama pale juu kama sampuli ya mdogo wake.

Mama mtu wakati huo kaanguka chini, khanga imemtoka, wanawake wamemzunguka, nusu wanampa pole nusu wanamhoji. We ulikuwa wapi? Ulikuwa na simu? Mtoto mdogo vile unamuachia mtoto mwenzie? Baba nae alikuwa pale pale, hatua hizo hizo, ananunua soda, na wanaume walimfuata kwa upole kabisa, pole baba, vuta subira, panda hii boda tukazunguke. Sikusikia hata mmoja anamuuliza alikuwa wapi. Wallahi hata mmoja.

Mtoto alipatikana ilipokaribia magharibi. Kuna bi mkubwa anakaanga mihogo ukingoni mwa uwanja, alimkuta analia akamkalisha nyuma ya jiko lake, akampa kikombe cha ukwaju, hakumpeleka popote, kipaza sauti hakukisikia kwa ule muziki na ngurumo ya mafuta. Dereva boda mmoja ndo aliona gauni la kijani. Yule bi alisema mtoto aliyepotea hatembezwi, anakalishwa pale pale, mwenyewe atarudi kumtafuta. Nikaona hekima kubwa, kwa kweli, maana ukianza kumzungusha "kwenu wapi kwenu wapi" unamuondoa pale ambapo mama yake angefikia kwanza. Vigelegele vikapigwa. Mama akapewa nasaha, wengine kwa utaratibu, wengine kwa kumshushua mbele za watu, na akakubali zote kwa kutikisa kichwa.

Msije mkadhani haya ya kumhukumu mama ni uswahili wetu tu. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980 familia moja ilikuwa imepiga kambi karibu na Uluru, lile jiwe kubwa katikati ya Australia, baba ni Michael Chamberlain, mchungaji wa Kisabato, mama ni Lindy, watoto wa kiume wawili na kichanga cha wiki tisa, Azaria. Kichanga kililazwa hemani. Mama akapiga ukelele kwamba dingo, yaani mbwa mwitu wa kule, kamchukua mwanangu. Uchunguzi wa kwanza ulimwamini. Wananchi hawakumwamini, na ukiuliza kwa nini, sababu zenyewe zinatia uchungu, ati hakulia kwenye televisheni, ati anajibu maswali kwa sauti kavu, ati kavaa vizuri mno kwa mtu mwenye msiba, yakaongezwa na ya dini, kwamba jina la Azaria maana yake ni sadaka ya jangwani, uongo mtupu. Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua mwanawe, mwili haujapatikana, na yeye ana mimba, akajifungua binti akiwa mfungwa. Baba alikutwa na hatia ya kumsaidia baada ya tukio, adhabu yake ikaahirishwa, akarudi nyumbani.

Wataalamu walisema mahakamani kuna damu ya mtoto mchanga kwenye gari, baadae ikaja kuonekana zile dawa za kupunguza kelele zinazopuliziwa gari kiwandani zilichangia yale majibu ya vipimo. Mwaka 1986 watu wakitafuta mwili wa mtalii aliyeanguka kwenye lile jiwe wakakuta kikoti cha mtoto, maeneo yenye mapango ya dingo, kikoti kile kile ambacho mama alisema tangu siku ya kwanza kwamba mtoto alikivaa na hakuna aliyemwamini. Akatoka gerezani. 1988 hatia ikafutwa. Na ni mpaka 2012 ndipo mamlaka za kule zikaandika rasmi kwamba sababu ya kifo ni dingo. Miaka 32 mwanamke anarudia sentensi ile ile moja. Kosa lake lilikuwa uso wake haukuvunjika vile watu walivyotaka uvunjike. Jirani yetu wa Tangamano alianguka chini khanga ikamtoka na bado akahojiwa, Lindy alisimama wima akafungwa, sasa mama alie vipi ndo aaminiwe?

Kwenye Quran kuna mzazi mwingine, Nabii Yaqub, aliyepotelewa na mwanawe Yusuf. Wanawe wakubwa walipoomba kumchukua mdogo wao aliogopa mbwa mwitu kabla hata hawajaondoka, akawaambia, akawaruhusu, wakarudi na kanzu yenye damu ya uongo. Alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Na sisi tunamkumbuka kwa subira njema, kama inavyostahiki, darsa zote za Yusuf nilizosikia tangu mdogo zinamsifu baba huyu na sijasikia hata moja ikimuuliza kwa nini alimruhusu mtoto aende. Simlinganishi Mtume na mtu yeyote, astaghfirullah. Nasema ile huruma tuliyofundishwa kwa baba aliyepotelewa tunayo, tunaijua, ipo vifuani mwetu, basi mama wa mtaani kwetu tunamnyima kwa nini.

Halafu kuna mama yake Musa. Kamtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake, moyo ukabaki mtupu, akamwambia dada yake Musa, mfuatilie. Mnaona? Mtoto mkubwa tena. Huyu binti akafuata kwa mbali bila kujulikana, akawafikia watu wa Firauni, akasema mimi nawajua watu wa nyumba itakayowalelea, na ndo Musa akarudi kwenye ziwa la mama yake. Binti yule alikuwa na akili na moyo wa simba na bado jina lake ndani ya aya hizo halikutajwa, na mawaidha yanampita mbio yanakwenda kwa Musa. Mimi kila sura ya Qasas ikisomwa akili yangu iko kwa yule msichana wa ukingoni.

Ndo maana riwaya ya Mitchard imenikamata hapa. Amempa mtoto mkubwa sura zake mwenyewe. Tunamfuata mama, kisha anakuja kaka mtu, jina lake Vincent, kisha mama, kisha kaka. (Kama unataka kukisoma bila kujua mwisho, hapa ndo pa kuniacha.) Miaka tisa inapita na Vincent kashabadilisha hata jina, anajiita Reese, mkorofi, anaingia matatani na polisi, walimu wamemchoka, mama yake anamuangalia kama mtu wa kupita. Ukisoma unaona kabisa kwamba mtoto huyu hana tabia mbaya, ana siri. Alikuwa na miaka saba, mdogo wake alikuwa anamsumbua, na ule mkono aliuachia. Basi. Ndo siri yenyewe. Na nyumba nzima, kila mtu yuko kwenye majuto ya mama, hakuna aliyegeuka kumwambia wewe ulikuwa mtoto, kazi ile haikuwa yako.

Nirudi kwa binti wa gauni la kijani. Siku zilizofuata nilikwenda kuwapa pole, nikamkuta kakaa kibarazani na bibi yake. Hakupigwa, hakugombezwa, nilihakikisha hilo. Hakuambiwa kitu chochote kabisa. Bibi akaniambia mwenzio huyu hali vizuri na lile gauni hataki hata kuliona kwenye kamba, utoto huo, ataacha. Nikakaa nae, nikamwambia kwa maneno haya haya, mwanangu, kumchunga mdogo wako ni kazi ya wakubwa, siku ile wakubwa tulikuwa wengi pale. Hakunijibu. Akaniuliza ile bembea mwakani itakuwepo tena. Sasa hivi ni mwanamke mzima, na kwenye shughuli bado namuona anahesabu watoto wa watu kwa macho, hata wasiokuwa wake.

Mambo ya kujua kwa haraka, kwa sababu natamani kila mzazi ayajue: mtoto asipoonekana usisubiri mpaka usiku, nenda polisi, vituo vina dawati la jinsia na watoto, na ipo namba 116 ya kupigia bure kwa masuala ya watoto. Mwambie imamu atangaze kwenye spika za msikiti, wape boda picha kwenye simu. Mfundishe mtoto jina lako kamili, maana "naitwa mwana wa mama" haimfikishi mtu popote. Na ukimuokota wa mwenzio, fanya kama yule bi wa mihogo.

Sasa sehemu ya riwaya ninayoipenda kuliko zote. Mtoto anapatikana na kitabu bado kina kurasa nyingi! Familia imeshahamia Chicago, siku moja kijana wa miaka kumi na miwili anagonga mlango, anauliza mnataka nikate majani ya uwanja wenu? Beth anamtazama, anamjua. Ni mwanawe. Anaishi mitaa michache tu kutoka kwao. Aliyemchukua ni mwanamke waliyesoma nae, mgonjwa wa akili, ambaye sasa yuko hospitali, na mume wa yule mwanamke, George, ndo kamlea kwa mapenzi yote bila kujua kwamba kaibiwa. Jina lake la sasa ni Sam. Anarudishwa kwa wazazi wake na anakuwa mgeni ndani ya nyumba yao, mpole, anasema asante kwa kila kitu, na usiku anamlilia baba aliyemlea. Ndo taharuki inaanza upya, na hii ni kali kuliko ya kwanza, kwa sababu hakuna mwizi wa kumkamata. Mama anamuona mtoto anavyonyauka, na ndo yeye anayekubali arudi kwa George.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikafikiria Tanga nzima. Sisi mtoto wa nyumba mbili tunamjua, tunae kila mtaa. Mama anakwenda Muscat kufanya kazi za ndani, mtoto ana mwaka mmoja na nusu, anamuachia bibi Muheza au shangazi Pangani, anatuma hela ya maziwa, ya shule, ya Idd, anamuona mtoto kwenye simu. Anarudi mtoto yuko darasa la tatu, anajificha nyuma ya khanga ya bibi, anamwita mama yake "anti". Hakuna aliyeibiwa, mtoto hakupotea hata saa moja, na bado kuna mama anamtafuta mwanawe aliye chumba cha pili. Na siku moja mtoto yule anakua, na sasa anayeuliza ulikuwa wapi ni yeye.

Riwaya hiyo naitaka kwa Kiswahili. Riwaya za upelelezi nilizokua nazo, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu 1960, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, nilizipenda mno na bado nazipenda, lakini mwenye kutafuta ndani yake ni mwanamume na anachotafuta ni muuaji au siri ya nchi. Nataka anayetafuta awe mama, na mji uwe huu, na Ngamiani na barabara zake za namba, na stendi ya Kange alfajiri mama anaposhuka na mabegi yake makubwa ya Uarabuni. Taharuki iwe kama mtoto atamkubali. Wanawake wenzangu mnaoandika, mko wengi humu na mnajua kuandika, iandikeni. Na kwenye nyumba ile lazima kutakuwa na binti mkubwa aliyeachwa na miaka minane akaambiwa mshike mwenzio mpaka nirudi, akamshika miaka yote hiyo, akamuogesha, akampeleka chuoni, akamsuka nywele. Huyo naomba apewe sura zake mwenyewe, na ziwe nyingi.